Probox ya 2014 inasoma kilomita 78,400. Tutajuaje kama ni kweli?

Sabaki Darajani

Habari za jioni nyote. Jamaa yangu wa hapa Muyeye, Malindi, anataka kununua Toyota Probox. Ni gari ya 2014, iliingia Kenya 2021, namba yake ya usajili inaanza na KDC, na kwenye dashibodi inasoma 78,400. Dalali ameing'ang'ania namba hiyo: gari haijatembea, mwenyewe alikuwa akiendea msikitini na sokoni tu. Nimemwambia jamaa asitoe hata arbuni mpaka tujiridhishe, kwa sababu watu wa mji huu wanaumizwa sana na jambo hili na pesa zenyewe ni za jasho. Naandika ninayoyajua, na nyinyi wenye ujuzi mwongeze.

Kwanza hesabu. Japani gari ya kawaida hutembea kama kilomita 8,000 hadi 10,000 kwa mwaka. Tangu 2014 hadi 2021 ni karibu miaka saba, kwa hivyo ingeshuka Mombasa na kitu kama 55,000 mpaka 70,000. Na Probox huko ni gari ya kazi, ya makampuni na mafundi, nyingi huwa zimepita hapo. Sasa ongeza miaka ya hapa kwetu. Kama kweli ilikuwa ya msikitini na sokoni, 78,400 yaweza kuwa. Lakini kama iliwahi kubeba abiria wa Malindi na Mombasa, hapana. Toka hapa mpaka Mombasa ni karibu kilomita 120, kwenda na kurudi 240. Ikifanya safari moja kwa siku, siku 300 za mwaka, hizo ni kilomita 72,000. Mwaka mmoja wa barabara hii unakula kilomita ambazo Mjapani angezimaliza kwa miaka saba hadi tisa.

Hesabu peke yake haimtii mtu hatiani, ila inakupa pa kuanzia kuuliza.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili: tafuta namba ya kilomita iliyoandikwa na mtu mwingine, kwenye karatasi yenye tarehe, kabla gari haijafika kwa huyu anayekuuzia. Mita ya kidijitali hurudishwa kwa kompyuta ndogo, na mara nyingi aliyeirudisha haachi alama. Lakini hawezi kuingia kwenye faili la wakala wa klaringi, yule aliyeitoa gari bandarini, kule Mombasa akabadilisha karatasi ya miaka ya nyuma. Ukipata namba moja tu ya zamani iliyo kubwa kuliko ya leo, mazungumzo yamekwisha.

Karatasi ya kwanza kuiulizia ni cheti cha kusafirisha gari nje kutoka Japani. Wajapani wana ukaguzi wa lazima uitwao shaken. Gari ndogo ya kibinafsi hukaguliwa ikifika miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Probox ya mzigo huko inasajiliwa kama gari la biashara, kwa hivyo hukaguliwa ikifika miaka miwili na baada ya hapo kila mwaka. Kila ukaguzi kilomita huandikwa, na zile za ukaguzi wa mwisho hutokea kwenye sehemu ya maelezo ya cheti hicho cha kusafirishia. Aliyeiingiza gari huwa na nakala, au wakala wake anayo. Tumeanza kuitafuta.

Mwalimu wa Maweni

Ahsante sana kaka, umeniwahi. Mimi pia natafuta gari ya kwanza, na niliyoonyeshwa muuzaji anasema karatasi za Japani zilipotea zamani, kilichobaki ni logibuku tu. Nikaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikaitafuta gari kwa namba yake, majina yakalingana, nami nikaona basi iko salama. Kumbe kilomita hazimo mle?

Sabaki Darajani

Hazimo, mwalimu. Utafutaji ule wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, unakuambia gari ni ya nani, chasisi ni namba gani, imetengenezwa mwaka gani, na kama benki ina madai juu yake. Ni lazima uufanye, tena kabla ya kulipa, na namba ya chasisi uisome kwenye gari yenyewe uilinganishe. Lakini kuhusu kilomita haukusaidii kitu.

Karatasi za Japani zikikosekana, rudi kwenye karatasi za hapa. Je, gari iliwahi kukatiwa bima kubwa, ile inayolipia hata gari yenyewe? Kama ndiyo, mthamini aliikagua, na ripoti yake huwa na kilomita na tarehe. Iliwahi kuwekwa rehani ya mkopo? Hapo pia ilithaminiwa. Muulize muuzaji gari ilikuwa ikifanyiwa sevisi wapi, halafu nenda huko mwenyewe bila yeye. Gereji nyingi huandika namba ya gari na kilomita kwenye stakabadhi kila inapobadilishwa oili. Fundi mwenye daftari zuri atakufungulia ukimwomba kwa adabu.

Na usisahau kufungua mlango wa dereva ukaangalia ile nguzo ya mlango, kisha ufungue boneti. Wajapani hubandika karatasi ndogo ya oili: tarehe, kilomita za siku hiyo, na kilomita za kubadilisha tena. Wengi huiona wakadhani ni pambo kwa sababu imeandikwa Kijapani, lakini tarakimu ni hizi hizi zetu. Mwaka wao ndio unaotatiza. Ukiona H, ongeza 1988: H30 ni 2018. Ukiona R, ongeza 2018: R2 ni 2020. Nimeona gari inayosoma 60,000 kwenye dashibodi na karatasi ya oili ya H29 mlangoni inasema 84,000. Aliyerudisha mita hakujua kuwa ile karatasi inasomeka.

Ukikuta pale mahali pamekwanguliwa na gundi imebaki, uliza pia.

Fundi Barani

Salaam. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, miaka mingi sasa, na niseme wazi kwamba kazi ya kurudisha kilomita huwa naletewa na huwa naikataa. Niwaeleze namba inakaa wapi ili msidanganywe na wanaojifanya wana mashine ya kila kitu.

Kwenye Toyota nyingi hizi za kawaida, kilomita zinahifadhiwa ndani ya dashibodi yenyewe, kwenye chipu. Ikibadilishwa pale, imebadilishwa. Kwenye BMW, Mercedes na magari ya familia ya Volkswagen, namba huwa imehifadhiwa pia kwenye vifaa vingine vya gari, kwa hivyo skana nzuri (mashine ya kusoma kompyuta za gari) inaweza kukuonyesha dashibodi inasema hivi na kifaa kingine kinasema vile. Ukinunua gari ya Kijerumani bila kuiskani, umejitakia.

Kwa Probox, Vitz, Fielder na jamaa zake, skana haikuonyeshi kilomita za kweli moja kwa moja. Ila kuna jambo moja la kulitazama. Kompyuta ya injini huhesabu umbali uliotembewa tangu kumbukumbu zake za hitilafu zilipofutwa mara ya mwisho. Skana ndogo za bluetooth za kuchomeka chini ya usukani zinaisoma, kama gari inaitoa. Hesabu hiyo hufika 65,535 na haipandi zaidi. Sasa gari ikisoma 41,000 kwenye dashibodi, na kompyuta ya injini inasema imetembea 58,000 tangu zifutwe, mnajua la kufanya. Ikiwa ndogo haithibitishi usafi, maana mtu akizifuta leo au akitoa betri huanza upya.

Jambo jingine. Dashibodi ikiwa ya gari nyingine, namba itatofautiana na karatasi na pengine hakuna aliyekusudia wizi. Dashibodi hufa, na mwenye gari hununua iliyotolewa kwenye nusu kata, yaani gari iliyokatwa na kuuzwa kama spea. Lakini mwenye nia njema atakuambia mapema, na atakuwa na stakabadhi ya fundi iliyoandikwa ile ya zamani ilikuwa inasoma ngapi. Ukigundua wewe mwenyewe ndipo naye akumbuke, ondoka.

Na dalali akikwambia Probox hii "belti ya taimingi imeshabadilishwa", mwangalie vizuri. Injini yake ya 1NZ inatumia cheni. Hakuna belti ya taimingi ya kubadilisha mle. Hiace nyingi za dizeli za D4D ndizo zenye belti, na zina taa ya T-BELT ya kukumbusha. Anayesema uongo mdogo kama huo kwa kujiamini atakuwa na mwingine.

Dereva wa Masafa

Fundi amenena. Mimi nimeendesha Malindi na Mombasa miaka, na gari iliyofanya kazi hiyo naijua nikiikalia tu. Niwape ya macho na mikono.

Toa kava la kiti. Usione haya, toa. Kiti cha dereva cha Probox kinaanza kulala upande wa mlango, ule ukingo tunaoukwangua kila tukishuka. Abiria wa mbele akiwa na kiti kilichosimama wima na cha dereva kimebonyea mpaka chuma unakihisi, hiyo gari haina 78,000. Angalia mpira wa pedali ya breki na ya klachi: umelika upande wa kulia, au ni mpya kabisa? Mpya ndio mbaya zaidi, kwa nini gari "isiyotembea" ibadilishwe mpira wa pedali? Vuta mkanda wa usalama wa dereva wote mpaka mwisho. Wa gari iliyotumika sana unatoka manyoya pembeni na haurudi kwa nguvu. Kwenye lebo yake chini kabisa huwa kuna tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa ni baadaye kuliko gari, umebadilishwa, uliza ilipata ajali gani.

Halafu kioo cha mbele. Isimamishe gari ielekee jua la asubuhi au la jioni, ukae ndani uangalie. Gari ya masafa kioo chake kimejaa vitobo vidogo vidogo vya mchanga na kokoto, jua linavionyesha vyote kwa pamoja. Usukani wanaufunga kava, viti wanavivisha upya, lakini kioo kizima ni ghali, wengi hawakigusi.

Ila tuwe waangalifu na pwani yetu. Taa za mbele kuwa za manjano hakukuambii kilomita, ni jua. Kutu ya chini si kilomita pia. Gari iliyokaa Casuarina karibu na maji, au ya kwenye mashamba ya chumvi Gongoni na Marereni, itaoza chini hata kama haitoki nyumbani. Nimeona watu wanakataa gari nzuri ya kilomita chache kwa sababu hiyo, na wengine wanachukua gari iliyochoka kwa sababu imepakwa rangi nyeusi chini. Ile rangi ya chini ikiwa mbichi bado inanuka, chukua bisibisi ugongegonge.

Mokowe Jeti

Nami niongeze la upande wetu wa Lamu. Sisi kisiwani gari huna pa kuipeleka, kwa hivyo wengi wanaacha magari yao huku Mokowe, yanakaa wiki nyingi yakingoja mwenyewe avuke. Yakiuzwa, kilomita ni chache kweli, na karatasi zinakubali. Lakini msizikimbilie kwa namba tu. Tazama tairi: pembeni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya maandishi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yamejaa, lakini mpira umezeeka na una nyufa. Oili nayo hubadilishwa kwa muda, si kwa kilomita tu, na gari iliyosimama kwenye upepo wa chumvi breki zake hushika kutu na sili za mpira hukauka. Kilomita chache za kweli bado zina gharama zake. Ingieni na bajeti ya tairi, betri na vimiminika vyote.

Yadi ya Kisauni

Naomba nami nisikilizwe, maana wauzaji tumetukanwa. Mimi nauza magari Mombasa. Si sote tunaogusa mita. Lakini wateja nao wajitazame. Naweka gari yenye 140,000, karatasi zote ziko, sevisi ya kueleweka, injini kama saa, inakaa yadi miezi. Jirani anaweka iliyochoka inayosoma 69,000, inaondoka wiki hiyo hiyo. Mteja anaingia, kitu cha kwanza anainama kwenye dirisha kuangalia namba. Haulizi karatasi. Anayenunua namba atauziwa namba.

Sabaki Darajani

Ndugu wa Kisauni, nakubaliana nawe kwa sehemu. Kweli wanunuzi tunaitukuza namba kupita kiasi, na mimi binafsi ningechukua hiyo yako ya 140,000 yenye karatasi mbele ya yoyote ya 69,000 isiyo na historia. Injini za Toyota zilizotunzwa hupita hapo bila shida. Lakini mteja kutojua si ruhusa ya kumdanganya. Mtu akiamini ana gari ya kilomita 70,000, hatabadilisha vitu vya kubadilishwa ikifika kilomita 150,000. Hatafikiria oili ya giaboksi, plagi, pampu ya maji, bushi. Anapakia watoto anawapeleka Mombasa kwa mwendo wa gari mpya. Hasara haiishii kwenye bei.

Wauzaji kama wewe wekeni cheti cha Japani pale pale kwenye kioo cha gari, kilomita zimepigiwa mstari. Watu watazoea kuzidai, na asiyenazo ndiye atakayejieleza.

Mwalimu wa Maweni

Vipi ile karatasi ya mnada? Kuna mtu ameniambia ukiwa nayo hiyo huhitaji kitu kingine.

Sabaki Darajani

Inasaidia sana, lakini pata ya kwako. Magari mengi ya Japani hupita mnadani, na mkaguzi wa mnada huandika kilomita, daraja la gari, na mchoro wenye kila mkwaruzo. Daraja la R au RA maana yake iligongwa ikatengenezwa. Mita ikishukiwa huko, huandikwa pia. Tatizo ni kwamba picha anayokutumia muuzaji kwa WhatsApp huenda imehaririwa, au ni ya gari nyingine kabisa. Zipo huduma za mtandaoni unazolipia, unaweka namba ya chasisi, nazo zinakutolea karatasi yenyewe. Linganisha na uliyopewa, tarakimu kwa tarakimu. Tahadhari: kilomita za siku ya mnada lazima ziwe ndogo kidogo tu kuliko za kushuka Mombasa. Gari haitembei kwenye meli.

Sasa niwape habari ya Probox yetu. Aliyeiingiza tumempata, na wakala wake alikuwa na nakala ya cheti. Ukaguzi wa mwisho wa Japani ulikuwa Oktoba 2020, na kilomita zimeandikwa 91,200. Cheti hukata zile za chini ya mia, kwa hivyo siku hiyo ilikuwa 91,200 na kitu. Leo, baada ya miaka yote ya barabara zetu, inasoma 78,400. Dalali alipoonyeshwa akasema pengine Wajapani walikosea. Jamaa amerudisha funguo, hakuna shilingi iliyopotea.

Dereva wa Masafa

Alhamdulillahi. Na hiyo gari itauzwa kwa mwingine kesho.

Sabaki Darajani

Ndiyo inayonikera, kaka. Nimemwachia mwenye gari nakala ya cheti na kumwambia ukweli mbele ya dalali, ili asiseme hakujua. Huenda hata yeye aliuziwa ikiwa tayari imerudishwa.

Mwalimu wa Maweni

Swali langu la mwisho, nisameheni. Nikishapata gari ninayoridhika nayo, karatasi ziko na kilomita zinakubaliana, lakini bado nina wasiwasi. Kuna cha kufanya siku ya kulipa?

Sabaki Darajani

Kipo, mwalimu, na usione aibu kukidai. Kwenye makubaliano ya mauziano, mbali na chasisi, injini na bei, ongeza kifungu cha kilomita: "Leo tarehe fulani gari inasoma kilomita kadhaa, na muuzaji anathibitisha kwamba kwa ufahamu wake mita haijawahi kurudishwa wala dashibodi kubadilishwa." Asaini, mashahidi wasaini, na upige picha ya dashibodi injini ikiwa imewashwa. Kama unanunua kwa mfanyabiashara, Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inahesabu kuwa ni udanganyifu kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa imetumika kwa kiasi kisicho cha kweli. Kifungu hicho ndicho ushahidi wako kwamba uliambiwa. Kama ni mtu binafsi, una maandishi yake ya kushika unapokwenda kwa wakili.

Asiyetaka kusaini kifungu hicho, muulize sababu mbele ya mashahidi, na pesa zikae mfukoni mpaka ajibu.

Fundi Barani

Na ukishainunua, mwalimu, ilete tubadilishe oili na tukufungulie kadi ya sevisi siku ya kwanza, kilomita na tarehe. Siku utakapoiuza wewe, anayekuja awe na kitu cha kusoma.